Jaa Lililojaa Mwaka 2001

Mwaka niliomaliza chuo nilipanga chumba Dandora, mtaa wa mashariki ya Nairobi wenye jaa kuu la taka za jiji, Awamu ya Nne. Mwenye nyumba alinipa ufunguo na sharti moja: dirisha la upande wa mtoni lisifunguliwe jua likishatua. Nilidhani anahofia wezi. Kumbe ni moshi. Usiku hewa ikitulia, moshi wa jaa haupai, unatambaa chini chini, unaingia vyumbani na kulala na watu. Asubuhi taulo lilinuka plastiki iliyoungua, na nikipenga kamasi inatoka nyeusi. Nilivumilia miezi saba, nikahama. Majirani walibaki.

Nimekirudia kisa cha jaa hilo kwa jicho jingine. Nataka kukisoma kama kisa cha maamuzi: nani aliamua nini, lini, na bili ikatumwa kwa nani. Tukizungumzia Dandora wengi husema viongozi ni wazembe au ni wezi, mazungumzo yakaishia hapo. Uzembe upo, wizi nao sijasikia ukikanushwa kwa nguvu. Lakini nikizifuata tarehe moja baada ya nyingine, naona jambo linalonitisha zaidi. Karibu kila aliyepita katika ofisi za jiji alipiga hesabu yake vizuri. Ila ilikuwa hesabu ya miaka mitano.

Shimo lililokuwepo

Mwaka unaotajwa wa kuanza kwa jaa ni 1975. Palikuwa na kware, timbo la mawe lililokwisha kuchimbwa, kando ya Mto Nairobi. Shimo lipo, taka zipo, na pale palikuwa pembezoni mwa mji. Ukimweka mhandisi yeyote wa baraza la jiji wa wakati huo mbele ya ramani, kidole chake kingeangukia hapo.

Tatizo ni kwamba miaka hiyohiyo, baraza hilohilo lilikuwa linahamishia watu pale. Mradi wa nyumba wa Dandora, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulipima viwanja 6,000 hivi. Mtu anapewa kiwanja chenye maji, choo na njia, halafu anajijengea kadiri mfuko unavyoruhusu. Katika mipango ya makazi ya watu wa kipato cha chini Afrika ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano, na hadi leo wanafunzi wa mipango miji wanafundishwa habari zake. Kwa hiyo jiji moja, katika kipindi kimoja, lilileta familia changa na lori za taka mahali pamoja.

Sidhani kulikuwa na njama. Sensa ya 1969 ilihesabu wakazi 509,286 Nairobi. Ya 1979 ikahesabu 827,775. Aliyekuwa ofisini katikati ya tarakimu hizo aliona mji unaokua kila anapoamka, ila hakuulizwa mji huo utakuwa wapi baada ya miaka arobaini. (Sensa ya 2019 ilitoa jibu: watu 4,397,073.) Shimo halikutandikwa chochote chini, si udongo wa mfinyanzi wala karatasi ngumu ya plastiki, cha kuzuia maji machafu yasishuke ardhini na mtoni. Kutandika kungekuwa gharama ya mwaka ule. Kutotandika ni gharama ya miaka yote iliyofuata, na miaka iliyofuata haikuwa na mtu kwenye kikao.

Mto wenyewe, kwa wasioujua, hauishii Dandora. Unateremka kuingia Athi, Athi inabadilika jina hadi Galana, kisha Sabaki, na Sabaki inamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mvuvi wa Mambrui, huko pwani, hajawahi kupiga kura Nairobi.

Neno "limejaa"

Mwaka 2001 jaa likatangazwa kuwa limejaa.

Katika jambo lolote lingine la maisha, kujaa kuna maana. Matatu ikijaa, kondakta hupiga bodi na gari linaondoka, ingawa najua kwetu hata hilo lina utata. Jaa lilipojaa, lori ziliendelea kuingia kesho yake. Leo ukisimama upande wa Korogocho, ng'ambo ya mto, huoni shimo. Unaona vilima. Taka zimepanda juu ya taka mpaka pakawa na njia, miteremko na vichochoro vyenye majina wanayoyajua wenyeji. Juu kabisa, korongo wale wakubwa wenye mfuko shingoni wamesimama kama wazee wa kanisa wakingoja ibada ianze. Kila siku jiji linazalisha taka zaidi ya tani 2,000, na kile kinachookotwa mitaani kikapakiwa, kingi chake kinaishia hapo.

Kwa nini halikufungwa? Jiweke kwenye kiti cha aliyekuwa na uwezo wa kulifunga, iwe mwaka 2001, iwe 2011 au 2021. Kufunga kunakutaka upate ardhi kwingine, na kwingine kuna watu, na watu hao wana kura. Kunakutaka ulipe fidia, ujenge mtambo wa kutenganisha taka, ufunike vilima kwa udongo, utege gesi na maji machafu. Kunakutaka uwakabili maelfu wanaoishi kwa kuokota pale, na wale wachache wanaotoza ushuru usio na risiti langoni. Na kati ya kufunga la zamani na kufungua jipya, kuna wiki kadhaa ambapo taka zitarundikana katikati ya jiji, mbele ya kamera. Hayo yote yanaangukia mwaka wako wa kwanza hadi wa tatu. Faida yake, yaani mto unaopumua na watoto wasiokohoa, inaonekana baada ya miaka kumi, ishirini. Atakayepigwa picha akiipokea ni mtu mwingine, pengine wa chama pinzani.

Sasa piga hesabu ya kuliacha. Katika bajeti ya mwaka huu kuliacha kunagharimu sifuri. Hakuna mstari wowote kwenye vitabu vya kaunti unaosema "mapafu ya Awamu ya Nne". Ndiyo maana nasema hesabu yao ilikuwa sahihi.

Ruai, na ndege wa aina mbili

Haikuwa kwamba mipango haikuwepo. Wataalamu wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, walichunguza taka za Nairobi na kutoa ripoti mwaka 1998, wakarudi tena na mpango mwingine mwaka 2010. Mpango huo wa pili ulipendekeza Dandora lifungwe na jaa jipya la kisasa lijengwe Ruai, mashariki ya jiji.

Ruai ikakwama. Wenye mamlaka ya viwanja vya ndege walipinga: jaa huvuta ndege wa angani, na ndege wa angani wakiingia kwenye injini ya ndege ya abiria inayotua Jomo Kenyatta, ni msiba. Hoja ina uzito wake, siidharau. Ila korongo wa Dandora nao wana mabawa, na Dandora haiko mbali na kambi ya wanahewa ya Eastleigh. Hatari iliyoogopwa Ruai ilikuwa tayari inaruka juu ya Eastlands miaka yote. Tofauti ni kwamba hatari mpya inahitaji saini ya mtu, ya zamani haihitaji. Hakuna ofisa aliyewahi kuulizwa kwa nini hukuzuia jambo lililokuwepo ulipoajiriwa.

Wakati ripoti zinakaa kabatini, ardhi haikukaa. Viwanja vya Ruai vilipimwa na kuuzwa, vingine kihalali, vingine kwa hati za kushangaza. Mwaka 2020 serikali ilitwaa tena maelfu ya ekari za shirika la maji taka zilizokuwa zimenyakuliwa huko. Mwaka 1998 ungeweza kutafuta uwanja mpana nje ya mji bila kubomoa nyumba ya mtu. Leo kila upande utakaoelekea, Ruai, Kamulu, Joska, utakutana na mlolongo wa mageti meusi na maghorofa yanayongojea paa. Watu wakisema suala la Dandora ni gumu, nakubali. Lakini lilikuwa jepesi kuliko hivi, na wepesi ule ulikwisha tukiwa tunaangalia.

Watoto 328

Hapa ndipo ningeomba msomaji asiende mbio.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu ya dunia nzima yako Gigiri, katika jiji hilihili la Nairobi, liligharimia uchunguzi wa afya ya watoto wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Kazi ilifanywa kwa ushirikiano na kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Walipimwa watoto na vijana 328 wenye umri wa miaka 2 hadi 18. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Udongo nao ukapimwa: sampuli 42 kwa kila 100 zilikuwa na risasi karibu mara kumi ya ile inayotarajiwa kwenye udongo usiochafuliwa.

Risasi hiyo inatoka wapi? Betri za magari, rangi za zamani, vifaa vya elektroniki. Na nyaya. Kila aliyekaa Dandora ameona vijana wamechuchumaa kuzunguka moto mdogo wenye moshi mweusi mzito, wanachoma nyaya za umeme ili ganda liungue ibaki shaba ya kuuza. Ganda hilo la plastiki mara nyingi lilichanganywa na risasi kiwandani ili lisichakae kwa joto. Shaba inakwenda kwenye mizani. Risasi inabaki hewani na kwenye vumbi, na vumbi linabaki kwenye vidole vya mtoto anayejifunza kutambaa.

Ikishaingia mwilini, mwili unaifananisha na kalsiamu na kuipokea hivyo. Kwenye damu haikai sana, ni wiki kadhaa. Lakini nyingine inawekwa mifupani, na mifupani inakaa miongo. Mtoto hadondoki. Hapati homa ya kumkimbiza hospitalini usiku. Anakuwa mzito kidogo wa kushika hesabu, mwepesi kidogo wa hasira, anasinzia darasani. Mwalimu anamwita mvivu, na nyumbani anachapwa. Alama alizopoteza hazimo kwenye cheti chochote, maana hakuna aliyejua alipaswa kuwa na ngapi.

Kisha mtoto yule, kama ni msichana, anakua, anapata mimba. Mtoto tumboni anadai kalsiamu ya kujengea mifupa yake, na mwili wa mama unaifungua ghala yake ya mifupa kumgawia. Risasi iliyolala humo tangu utotoni inatoka pamoja nayo, inavuka kondo la nyuma na kumfikia. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2007 sasa anakaribia thelathini. Tunaposema mzigo wa vizazi vijavyo huwa tunasema kwa mafumbo, kwa sauti ya hotuba. Hapa hakuna fumbo. Mzigo una uzito unaopimika, una mahali ulipowekwa, na una njia unayopita kutoka kwa mama kwenda kwa mwana.

Tena kile kiwango cha 10 nacho kimeshapitwa. Marekani, ambako kiwango hicho kilitumika miaka mingi kama alama ya hatari, walikishusha hadi 5 mwaka 2012, na mwaka 2021 wakakishusha hadi 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Majibu yale ya 2007 ukiyasoma kwa kipimo cha leo, neno "nusu" halitoshi.

Ripoti ilitoka Oktoba 2007. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 27 Desemba. Ilipofika Januari nchi ilikuwa inawaka moto, na nani angekumbuka vumbi la Korogocho? Hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini uchaguzi wa 2013 ukaja, wa 2017 ukaja, wa 2022 ukaja. Watoto waliopimwa walizidi kufikia umri wa kupiga kura mmoja mmoja, wakapanga foleni, wakawapigia kura watu walewale walioahidi kulihamisha jaa. Wanaodaiwa na wanaodai walikuwa kwenye foleni moja bila kufahamiana.

Umeme wa kila gavana

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kazi ya kuzoa na kutupa taka ni ya kaunti. Imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, hakuna pa kujificha. Tumekuwa na Gavana Kidero, tukawa na Sonko hadi alipotimuliwa Desemba 2020, na tangu Machi mwaka huo kukawa na Shirika la Huduma za Jiji, NMS, lililoundwa na serikali kuu, chini ya Jenerali Badi, akaapishwa Kananu, akachaguliwa Sakaja mwaka 2022. Ukisikiliza ahadi zao kuhusu Dandora, kuna moja inayorudi kama kiitikio: tutageuza taka kuwa umeme. Alikuwa nayo Kidero, walikuwa nayo NMS, anayo Sakaja, ambaye alitaja megawati 45.

Wazo si la kipuuzi. Miji mingi duniani inachoma taka na kupata umeme. Ninachotaka tuone ni kwa nini wazo hili, kati ya mengi, ndilo linalopendwa na kila anayeingia. Lina jiwe la msingi. Lina mwekezaji wa kigeni mwenye tai. Lina tarakimu moja inayoingia kwenye kichwa cha habari. Na linaahidi kwamba tatizo litajilipia lenyewe, hivyo hakuna atakayetozwa sasa. Kutenganisha taka jikoni, ganda la ndizi huku na chupa kule, hakuna jiwe la msingi. Kunahitaji kurudiwa nyumba kwa nyumba kwa miaka, na hakuna utepe wa kukata.

Taka zetu zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani, yaliyolowa. Hebu washa jiko kwa maganda ya viazi mabichi uone. Mtambo wa aina hiyo ukishajengwa hufungwa kwa mkataba wa miaka ishirini au zaidi, na mikataba hiyo kwa kawaida hulitaka jiji lilete tani kadhaa kila siku, zipungue zisipungue. Maana yake ni kwamba gavana wa muhula mmoja anaweza kuwafunga wajukuu wetu wazalishe taka ili tanuri lisilale njaa. Sijasema usijengwe. Nasema kabla ya kupiga makofi tuulize nani atakuwa analipa mwaka wa kumi na nane.

Pesa zenyewe za kufanya lolote ziko wapi? Serikali ya kaunti iliyoingia 2022 ilirithi madeni ya karibu shilingi bilioni 100, mengine yametoka enzi za baraza la jiji. Kila anayeingia analipa kidogo, anakopa kidogo, anamkabidhi anayefuata. Hilo lina kisa chake kirefu, leo sitalifungua.

Karatasi tunazo

Kwa upande wa sheria hatuna cha kulalamikia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kinasema waziwazi kwamba yalindwe kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kifungu cha 201 kinakwenda mbali zaidi: mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na mikopo ya umma yagawanywe kwa haki baina ya kizazi cha sasa na vijavyo. Nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia, nikidhani nimekielewa vibaya. Kizazi ambacho hakijazaliwa kimetajwa katika sura ya fedha ya Katiba kama mbia.

Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru jaa lifungwe. Mwaka 2022 ikatiwa saini sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayotaka taka zitenganishwe zinakotoka. Hadi naandika haya lori bado zinaingia. Hakimu ana kalamu, hana tingatinga. Na mbia yule aliyetajwa katika Kifungu cha 201 hana wakili anayekwenda bunge la kaunti siku ya kupitisha bajeti, kwenda kuuliza, "Na sisi mmetuwekea ngapi?"

Kwa wanaodhani mambo yanaweza kwenda hivi daima, majirani wameshatuonyesha. Machi 2017 lundo la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka juu ya makazi, zaidi ya watu 110 wakafa. Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala, zaidi ya 30. Kote kuwili watu walikuwa wamesema kwa miaka kwamba pamejaa.

Riba

Kuna jambo ambalo wachambuzi wa ofisini hulipita, nami nilikuwa nalipita mpaka niliporudi Dandora mwaka jana. Deni la jaa lina riba, na sehemu ya riba hiyo ni watu. Mwaka 1975 hakuna aliyeishi kwa kutegemea shimo lile. Kila mwaka wa kuahirisha uliongeza familia zinazokula kutokana nalo, mpaka kulifunga bila mpango wao kukawa ni kosa lingine juu ya la kwanza.

Nilimkuta bibi mmoja anayechambua plastiki tangu miaka ya tisini, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatenga chupa za maji upande, za mafuta ya kupikia upande, vizibo kwenye mfuko wake peke yake. Vidole vinajua kabla ya macho. Mjukuu wa miaka mitatu hivi alikuwa kando, anagonga kipande cha chuma kwenye jiwe. Mnunuzi alikuwa na mizani ya kuning'iniza. Kila gunia likipanda, anasoma kilo, halafu anakata moja au mbili. "Maji," anasema. Siku hiyo hapakuwa na mvua. Bibi hakubishana.

"Shosho," nikamuuliza, "wakifunga hapa utafanya nini?"

"Wakifunga?" Akacheka. "Mwanangu, hiyo ya kufunga naisikia tangu mama ya huyu akiwa darasa la tatu."

"Na moshi je? Na huyu mtoto?"

"Moshi naujua. Kodi ya nyumba ni tarehe tano."

Nimeyatafakari maneno hayo zaidi ya ripoti zote. Yeye naye anapiga hesabu fupi, mwezi kwa mwezi, na hana nyingine ya kupiga. Wa Jumba la Jiji ana mshahara, ana wataalamu, ana ripoti za 1998 na 2010 kabatini, na bado anapiga hesabu ya urefu uleule. Kwa bibi ni lazima. Kwa yule mwingine ni starehe.

Ndiyo maana, nikiulizwa niangalie nini kujua kama safari hii kuna ukweli, siangalii jiwe la msingi. Naangalia bajeti. Jaa lililofungwa linahitaji kuangaliwa kwa miongo, gesi yake, maji yake, miteremko yake. Marekani sheria inataka miaka 30. Gavana wetu, hata akipita mara mbili, ana miaka kumi. Siku nitakapoona mfuko uliofungiwa kando kwa sheria, ambao hauguswi na anayeingia wala anayetoka, wenye ada ya kila tani inayotupwa leo, na ndani yake fungu la wachambuzi kama bibi yule, nitaamini mtu amekubali kulipia kitu ambacho hatakizindua. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Sina haraka ya kuamini kabla ya hapo.

Nilimweleza bibi, kwa lugha nyepesi niliyoweza, habari za risasi na mifupa. Alisikiliza mikono ikiendelea na kazi. Mwishowe akauliza kama kuna dawa. Nikamwambia la kwanza ni kupimwa damu. Akauliza wapi. Nikatembea hadi zahanati ya karibu, muuguzi akaniambia hicho kipimo hawana, lazima maabara kubwa mjini, akakisia bei. Nikarudi nikamwambia.

"Hiyo ni kilo ngapi?" akauliza.

Nikatoa simu, nikagawa kwa bei aliyolipwa asubuhi ile, nikamwonyesha kioo. Akakitazama, akamtazama mnunuzi aliyekuwa anafunga mizani yake, akaniambia nisogee kidogo, nimekanyaga chupa.